Dereva wa Winchi na Kiuno cha Roboti

Saa kumi na mbili na robo asubuhi. Mwanamke mmoja anafunga kamba za buti zake, anazifungua, anazifunga tena. Anaweka chupa ya chai kwenye mkoba wa mgongoni, anashika ngazi ya chuma na kuanza kupanda.

Vidato ni mia mbili na kumi na nne. Alivihesabu wiki ya kwanza tu, kisha akaachana navyo. Akifika nusu ya njia husimama kidogo. Si uchovu, anasema. Anasikiliza upepo.

Juu kabisa kuna kijumba cha vioo chenye nafasi sawa na kabati la nguo. Anaingia, anafuta kiti kwa kitambaa, anakaa, anajifunga mkanda. Anawasha swichi moja baada ya nyingine kwa utaratibu uleule wa kila siku, na winchi ya mnara, ile mashine ndefu ya kunyanyulia mizigo kwenye majengo, inaamka kwa mngurumo.

Mwandishi wa makala haya alijaribu kumfuata. Alipofika kidato cha arobaini alikumbuka kwamba ana watoto wadogo, akateremka. Mazungumzo mengine yote yalifanyika chini.

"Wengi huniuliza kama siogopi," anasema wakati wa mapumziko, akimimina chai. "Mimi raha yangu iko palepale. Kukaa, kufunga mkanda, kuwasha. Nilianza kuitamani dakika hiyo nikiwa na miaka minane."

Ana miaka arobaini na sita, na kumi na minne kati ya hiyo ameitumia akiwa kwenye kiti cha juu. Pale kazini hakuna anayemwita kwa jina lake. Ni Dada wa Juu, kuanzia mlinzi wa geti hadi mhandisi mkuu.

Kwa miaka mingi wenzake walijua tu kwamba Dada wa Juu ni mkimya, na kwamba hutembea akiangalia chini kama aliyedondosha kitu. Siku moja mpiga ishara wake, yule anayesimama chini na redio ya mkononi kumwelekeza mzigo unapokwenda, alimwona akiokota kipande cha bomba la plastiki, akikipuliza vumbi na kukitia kwenye kopo la chakula.

"Nikamuuliza, dada, hicho unakwenda kukipika?" mpiga ishara anakumbuka. "Akanionyesha picha kwenye simu. Nikaona mdudu mkubwa wa chuma ana mikono, ana macho mekundu. Nikadhani ni mwanasesere wa binti yake. Akasema, hapana, huyu ni wangu, nimemuunda mwenyewe, na hicho kipande ni goti lake."

Siku hizi mafundi wa mabomba humletea mabaki bila kuombwa.

Anachokiunda Dada wa Juu ni modeli, yaani roboti ndogo zilizochongwa kwa vipimo, za aina inayoonekana kwenye katuni za Kijapani. Mashabiki wenyewe huziita meka: hadithi za roboti kubwa kama ghorofa, ambazo mtu huziingia kifuani, hukaa kitini na kuziendesha.

Alizikuta kwenye runinga ya jirani, yeye na watoto wengine saba wakichungulia dirishani. Katuni ilikuwa imetafsiriwa kwa lugha ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeielewa, kwa hiyo walijitungia maneno. Roboti mwovu walimpa sauti ya mwalimu wao wa hesabu.

"Wenzangu walikuwa wanasubiri vita," anasema. "Mimi nilikuwa nasubiri dereva aingie kwenye kiti. Anavuta mkanda, anabonyeza hiki, anabonyeza kile, taa zinawaka, halafu jitu zima linasimama kwa sababu mtu mmoja mdogo ameamua. Vita vikianza, mimi nilikuwa naondoka kwenda kuchota maji."

Alianza kazi za ujenzi akifagia stoo na kuandika mifuko ya saruji inayoingia na kutoka. Mafunzo ya uendeshaji winchi yalipotangazwa, alikuwa mwanamke pekee aliyejiandikisha. Mkufunzi alimuuliza kama anaogopa kimo. Akajibu kwamba anachoogopa ni kubaki chini.

Modeli za dukani, zile zinazokuja kwenye boksi zikiwa zimeshakatwa tayari kuunganishwa, ni ghali. Moja ya wastani ni sawa na ujira wake wa siku kumi na moja, naye ana kodi ya nyumba na ada ya binti aliye chuoni. Katika maisha yake amenunua mbili tu. Nyingine kumi na saba amezitengeneza kutoka katika takataka.

Mabamba ya kifua hutokana na ndoo za rangi. Vidole ni mirija ya kalamu iliyokatwa kwa wembe. Uti wa mgongo wa mmoja wao ulikuwa mswaki. Vifaa vyake ni wembe huo, msasa, kibano cha nyusi, gundi, na brashi ambazo mumewe alizinunua akidhani ni za kupaka siagi kwenye mikate.

Mume huyo ni mpishi wa shule, mtu mnene mwenye kicheko cha polepole. Aliwahi kudhani kwamba tabia hiyo ingeisha baada ya ndoa. "Badala yake zikapewa undugu," anasema.

Ni kweli. Kila roboti ina cheo cha ukoo. Shangazi ana mabega mapana na uso mkali, lakini hana silaha hata moja. Shemeji amebeba bunduki mbili na, kwa maelezo ya muundaji wake, hajawahi kusaidia kitu. Wifi haguswi.

Na kuna Mjomba. Mjomba ana kimo cha sentimita thelathini, na kama angekuwa wa kweli angefika mita kumi na nane. Kumuunda kulimchukua Dada wa Juu miaka mitatu. Kifua chake kinafunguka, na ndani kuna kiti kisichozidi ukucha wa kidole gumba, na kitini amekaa dereva mwanamke mwenye kofia ngumu ya njano.

Mjomba ndiye aliyekaribia kuivunja nyumba.

Mwaka juzi mwishoni, baba mkwe wa Dada wa Juu alihamia kwao. Ni mzee wa miaka sabini na minne, mjane, mwembamba, anayevaa koti hata jua likiwa kali. Kwa miaka arobaini na minane alikuwa fundi saa, na kibanda chake kilikuwa na kiti kimoja na taa moja. Alikifunga mikono ilipoanza kutetemeka. Mteja mmoja alikuwa amesimama mbele yake akimtazama anavyoshindwa kushika skrubu, kisha akasema kwa upole kwamba angerudi siku nyingine. Mzee alielewa. Alifunga kibanda jioni ileile.

Alipewa chumba cha mjukuu wake aliye chuoni, ambacho ndicho chenye rafu za roboti. Asubuhi ya kwanza alipoulizwa amelalaje, alijibu, "Nimelala na jeshi."

Baada ya hapo hakusema mengi. Alikunywa chai, akasikiliza redio, akarudi chumbani. Mwanawe alijaribu kumtania, hakucheka. Dada wa Juu alikuwa akimpelekea chakula na kumkuta ameketi kitandani, mikono ameibana katikati ya magoti ili isionekane.

"Nilidhani anachukia midoli yangu," anasema. "Nilikuwa naona haya. Mkwe wako ni mtu mzima, umemlaza na vikatuni. Nikamwambia mume wangu tuzihamishe. Akasema ngoja kwanza."

Jumamosi moja, siku tisa kabla ya maonyesho ya waunda modeli yanayofanyika kila mwaka katika ukumbi wa maktaba, Dada wa Juu alitoka kazini saa nane mchana. Kwa mara ya kwanza alikuwa amejiandikisha kushiriki. Alifika nyumbani, akaingia chumbani kumsalimu mzee, akamkuta Mjomba amelala juu ya shuka jeupe, vipande sabini na kimoja.

Vilikuwa vimepangwa kwa mistari iliyonyooka, kikubwa mbele ya kidogo. Ila bamba la paja la kushoto lilikuwa limepasuka toka juu hadi chini. Mzee alikuwa ameshika kibano, na kibano kilikuwa kinagonga ukingo wa meza, tik tik tik, hakikutulia.

"Nikasema, habari za mchana, baba. Akasema, nzuri, mkwe. Nikatoka."

Alikwenda uani akafua nguo ambazo zilikuwa zimeshafuliwa. Alizifua zote. Hakulia, anasema, ila alisugua shati moja hadi kola ikachanika.

Ingekuwa mumewe, angemwambia yote yaliyomjaa moyoni. Ingekuwa mtoto, angemchapa kwa maneno. Lakini baba mkwe hakaripiwi. Hata sauti huinui mbele yake. Hasira ile haikuwa na mahali pa kwenda.

Chakula cha jioni kiliwakutanisha mezani. Mume aliwatazama wote wawili akakosa upande wa kukaa. "Nikimtetea mke, namvunjia heshima mzazi. Nikimtetea mzazi, mke ananinunia mwezi mzima," anasema. "Nikaosha vyombo. Nikamaliza, nikavipanga, nikavitoa, nikaviosha tena."

Asubuhi ya Jumapili walimkuta mzee sebuleni amevaa koti lake, kofia mkononi, mkoba wa nguo miguuni. Alisema anakwenda kwa binti yake, mwendo wa nusu siku. Alisema amekuja kupumzika kwa mwanawe na badala yake amekuwa mharibifu.

Kisha akamgeukia Dada wa Juu. Alisimama wima. "Mkwe," akasema, "nimekuharibia kazi yako. Naomba unisamehe."

Dada wa Juu anapoisimulia sehemu hii, anaiweka chini bilauri ya chai. "Mzee mzima ananiomba radhi amesimama, mimi nimevaa kanga ya kufagilia. Nilitamani nipotee. Hasira yote iliniishia palepale, ikabaki aibu. Nikauliza swali ambalo lilinikaa kichwani usiku kucha."

"Baba, kwa nini ulimfungua?"

Mzee akaigeuza kofia mkononi. Kisha akajibu, "Kwa sababu analemea."

Kwa miaka mitatu Mjomba hakuweza kusimama mwenyewe. Alikuwa akiinama kushoto na kuanguka, hadi Dada wa Juu alipopata ujanja wa kumwegemeza mkono ukutani, kama mtu anayesubiri zamu kwa daktari. Kila mgeni alilisifu pozi lile. Walisema limempa roho. Hakuna aliyejua kwamba lilikuwa la kuficha kasoro.

"Najua analemea, baba," akajibu. "Nimebadilisha mguu ule mara nne."

"Ndiyo kosa lako. Mguu hauna shida. Shida iko kiunoni. Upande mmoja umekaza, upande wa pili unacheza. Nimelala naye miezi minne, kila gari kubwa likipita barabarani namsikia anavyolia. Nikasema niitoe hiyo kasoro kabla hujaenda kwa watu wakakucheka. Kufungua niliweza." Akaitazama mikono yake. "Kurudisha ndiko kulikonishinda. Nikalazimisha, likapasuka."

Yalikuwa maneno mengi kuliko aliyowahi kuyasema tangu ahamie.

Dada wa Juu akamuuliza kiuno kinapaswa kukaaje. Mzee akaanza kueleza kwa vidole, akaona haitoshi, akaweka kofia juu ya meza, akaomba karatasi. Hakuweza kuchora mstari ulionyooka. Akamtaka yeye achore, naye akisema. Dakika chache baadaye wote wawili walikuwa chumbani wameinamia shuka jeupe.

Mkoba wa nguo ulibaki mlangoni siku tatu. Walikuwa wanauruka kwenda jikoni. Jumatano mpishi aliuchukua bila kuuliza mtu, akazirudisha nguo kabatini.

Kila jioni ya wiki ile, kuanzia saa kumi na moja hadi chakula kilipoiva, baba mkwe na mkwe walifanya kazi pamoja. Mzee alileta makopo matatu ya vipuri vya saa ambayo hakuwa ameyafungua tangu afunge kibanda. Ndani yake walipata pete mbili za shaba kutoka saa ya mezani iliyokufa zamani. Zingekaa kiunoni mwa Mjomba, moja kila upande, zikaze sawa.

Mzee alikaa nyuma ya bega la mkwe wake na kioo cha kukuzia jichoni. Hakugusa kitu. Alisema tu.

"Teremsha. Teremsha kidogo. Kulia, unywele mmoja. Simama hapo. Usipumue. Haya, achia."

Jioni ya pili Dada wa Juu alicheka katikati ya kazi, na mzee akataka kujua kinachochekesha. Akamweleza kwamba huko kazini anaona vizuri sana mbali, lakini mara nyingi mzigo wenyewe hauoni, kwa kuwa unashukia nyuma ya ukuta. Anaushusha kwa kumsikiliza mtu wa redio peke yake. Tani mbili za nondo hupitishwa juu ya vichwa vya watu kwa sauti ya mtu mmoja anayeona asichokiona yeye.

"Nikamwambia, baba, hii ndiyo kazi yangu. Nimeizoea. Wewe sema tu," anakumbuka.

Mzee akakitoa kioo jichoni. Akauliza, "Na huyo mtu wa redio, anatetemeka mikono?"

"Sijui, baba. Sijawahi kuhitaji kujua."

Bamba la paja liliungwa kwa gundi, ila ufa uliendelea kuonekana. Dada wa Juu aliamua kuuacha na kuupaka rangi ya kutu. Hapo hakuhitaji kuelekezwa. Winchi yake ina umri wa miaka kumi na tisa, na anajua kutu inavyotembea: huanza kwenye kichwa cha skrubu au kwenye kiungo, kisha huteremka na mvua kwa mchirizi mwembamba. Haianzi katikati ya bamba, kama wengi wanavyopaka.

Siku ya maonyesho, Mjomba alisimama juu ya meza ya ukumbi kwa miguu yake mwenyewe, mikono imening'inia. Washiriki walikuwa thelathini na watano, wengi vijana wenye modeli za boksi zinazong'aa. Mpishi alikuja na sambusa za kuuza, akaishia kuzigawa. Mzee alisimama kando ya meza kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni, akiwaeleza wapita njia habari za kiuno. Hakukumbuka kula. Kijana mmoja alimwambia shingo ya roboti wake ina hitilafu kidogo lakini haionekani. "Inasikika," mzee akamjibu.

Katika kundi la modeli zilizotengenezwa kwa mkono tangu mwanzo, Mjomba alichukua nafasi ya tatu.

"Kati ya wanne," anaongeza mume. "Andika na hilo, tafadhali."

Dada wa Juu hajali. Majaji waliandika kwenye karatasi yake kwamba kutu ile ni bora kuliko zote ukumbini, na karatasi hiyo ameibandika ndani ya kijumba chake cha vioo, pembeni ya kipimo cha upepo. Mpiga ishara anasema amewahi kusomewa maneno hayo kwenye redio zaidi ya mara moja, mzigo ukiwa hewani.

Nyumbani, rafu hazikuhamishwa. Meza ndogo imeongezwa chini ya dirisha, yenye viti viwili. Mikono ya mzee haijapona, na daktari amewaambia haitapona. Asubuhi nyingine haiwezi hata kikombe. Lakini mzee haibani tena katikati ya magoti. Majirani wawili wameanza kuleta saa zao. Yeye huzisikiliza, husema kasoro iko wapi, na mkwe wake hufungua akirudi kazini.

Jengo wanalojenga litakamilika baada ya miezi saba, na winchi itafunguliwa kipande kipande na kupelekwa kwingine. Dada wa Juu ataifuata. Ameshaomba nafasi ya kozi ya winchi kubwa zaidi, yenye kimo cha mita themanini, na anasema jibu likiwa zuri atanunua buti mpya.

Kwa sasa, hata hivyo, kinachowaumiza kichwa ni roboti wa ishirini, ambaye bado hajapewa undugu. Hana rangi, hana uso. Tumboni mwake kuna springi na meno ya saa ya kengele, na akitiwa ufunguo anatembea. Jioni tuliyowatembelea alipiga hatua kumi na moja juu ya meza, akiyumba kama mtu anayevuka chumba chenye giza, kisha akasimama.

Hatua za kuifika ncha ya pili ya meza ni thelathini na nane. Wanataka kumpeleka kwenye maonyesho yajayo, na safari hii fomu itakuwa na majina mawili.

"Mimi akifika ishirini tu nimeridhika," anasema Dada wa Juu, akimrudisha mwanzo wa meza.

Baba mkwe anavaa kioo chake na kumwinamia roboti.

"Mimi sijaridhika," anasema. "Akifika mwisho, nataka ageuke arudi."